Theluji ya Winnipeg au fukuto la Houston: mama wa Goma apelekwe wapi?

MtotoWaHimbi (Goma)

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo la nyumbani, naomba mnisaidie kufikiri.

Mama yetu ana miaka 63, anakaa hapa Himbi. Yaya wangu yuko Winnipeg, Kanada, mwaka wa tisa huu. Mdogo wetu wa mwisho yuko Houston, Marekani. Wote wawili wanamtaka mama akakae nao, tena si wiki mbili za kusalimia, wanataka miezi. Na kila mmoja anaponda kwa mwenzake. Yaya anasema Houston ni chungu kimefunikwa, mama ataiva. Mdogo anasema Winnipeg ni friji ya bucha. Kila Jumapili simu inakuwa vita, mama mwenyewe anacheka tu.

Mimi ndiye niliyebaki nyumbani, kwa hiyo wote wananibana: "Wewe unaonaje?" Nitaona nini? Mbali kabisa nilikofika ni Kampala. Theluji naijua ile ya Karisimbi, asubuhi baada ya mvua kubwa mlima unapoamka na kofia nyeupe, na kabla hujamaliza chai kofia imeshavuliwa.

Mjue na hili: mama ana presha, anakunywa dawa kila siku. Goti la kushoto linamsumbua tangu Mei 2021, tulipotembea kwa miguu mpaka Sake kukimbia volkano ya Nyiragongo. Na hawezi kukaa ndani. Mchana kutwa yuko barazani, anachambua maharage, anasalimiana na kila anayepita. Mkimfungia ndani siku mbili anaumwa.

Waliokaa kwenye theluji na waliokaa kwenye joto la unyevu, naomba mseme ukweli. Siasa na dini tuache leo.

BatiLaDar (Dar es Salaam)

Kwanza mkuu, yaya wenu alipataje nauli ya Kanada? Wa kwetu hata nauli ya Mbagala anakopa.

Pili, Mwafrika na joto kuna tatizo gani? Houston. Hata koti hanunui. Uzi ufungwe.

MtotoWaHimbi

Haha! Yaya kwetu Kongo ni kaka au dada mkubwa. Huyu ni dada yangu. Watoto analea wa kwake mwenyewe.

ChukuduBilaBreki (Goma)

Ndugu wa Dar, usifunge uzi wa watu. Hilo neno "Mwafrika na joto" ndilo linalotuponza. Goma iko karibu na ikweta, sawa, lakini iko mita 1,500 juu ya bahari. Ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi sita na nusu, kwa hiyo sisi tunaishi na nyuzi karibu kumi pungufu ya mtu wa ufukweni. Usiku hapa ni 15, 16. Blanketi kwetu linatumika Januari mpaka Desemba. Kiyoyozi mimi nimekiona benki tu, na humo pia kina mama wanaomba kizimwe.

Nikupe ushahidi. Nilikwenda Uvira kupeleka mahari ya kaka. Uvira ni palepale tu, unashuka kutoka Bukavu, unapita Kamanyola, unafuata bonde la Ruzizi mpaka Tanganyika. Lile ziwa liko mita 770 hivi, nusu ya kimo chetu. Usiku wa kwanza nilivua shati. Usiku wa pili nililala kwenye sementi. Usiku wa tatu wakwe walinikuta nje kwenye mkeka saa nane, najipepea na mfuniko wa ndoo. Mpaka leo kule naitwa Bwana Mfuniko.

Sasa huyo ndiye "Mwafrika wa joto" unayetaka kumpeleka Houston?

MamaSombe (Goma)

Bwana Mfuniko 😂😂 nimecheka mpaka mtoto ameamka.

KivuMpakaHouston (Houston)

Niko Houston tangu Julai 2017. Nimezaliwa Bukavu, Nguba, mtoto wa upepo wa ziwa. Nitasema bila kupamba.

Siku niliyotua, mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka nilidhani nimesimama nyuma ya lori linalounguruma. Nikasogea pembeni nilipishe. Hakuna lori. Ile ilikuwa hewa tu.

Watu wanataja nyuzi, "Houston 35, hata Kindu kuna 35". Nyuzi peke yake hazisemi kitu. Mwili unapoa pale jasho linapokauka. Hewa ikiwa imeshashiba maji, jasho halina pa kwenda, linabaki mgongoni linateleza. Ndiyo maana wataalamu wa huku wana hesabu ya joto analolihisi mtu: nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, mwili unaona kama 41. Na usiku haukuokoi. Agosti saa sita ya usiku bado ni 26, 27. Goma hata ukiungua mchana, jioni unajua baridi inakuja. Huku jioni haiji.

Sasa kuhusu baraza ya mama. Kuanzia Juni mpaka mwishoni mwa Septemba, baraza ni alfajiri tu. Saa nne ya asubuhi umeshaingia ndani, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Ndani ni baridi mpaka mke wangu anajifunga kitenge mabegani. Yaani unakimbia joto unakutana na baridi ya kutengenezwa. Na mtaani hapiti mtu, kila mmoja yuko ndani ya gari. Mama atamsalimia nani? Mtu wa posta?

Na umeme. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita, nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zikakosa umeme. Sisi tulikaa siku tano. Watoto tuliwalaza kwenye gari, injini inawaka, kwa zamu. Wa Goma tumezoea umeme kukatika, lakini Goma ukikatika unawasha mshumaa na maisha yanaendelea. Huku ukikatika Julai, nyumba inageuka tanuri, maana hazikujengwa kupumua zenyewe.

Upande mwingine nisidhulumu. Kuanzia Novemba mpaka Machi Houston ni tamu. Desemba unakaa nje na sweta jepesi, kama Goma kabisa. Bamia zinaota uani, lengalenga zinaota, mihogo nimepanda mwenyewe, majani yake natwanga sombe. Huyo dada wa Winnipeg aniambie anatwanga nini Januari.

LushoisWaKenya (Lubumbashi)

Kenya ya Lubumbashi jamani, komini yetu, si ya Nairobi. Kila uzi lazima nieleze.

Nataka kuongeza kitu kimoja. Huku Lubumbashi Oktoba, kabla ya mvua, jua linapiga kweli kweli. Lakini ni joto kavu. Ukiingia chini ya mwembe umepona. Nilipokwenda Kinshasa ndipo nilipojua tofauti: unakaa kivulini na kivuli kinakuangalia tu, hakikusaidii. Kwa hiyo mtu akikuambia joto, muulize kwanza kivuli cha kwao kinafanya kazi?

Na baridi tunaijua pia. Juni na Julai asubuhi inashuka chini ya 10, watu wanavaa makoti mawili wanaota moto kwenye mbabula, lile jiko la makaa, wanasema wanakufa. Sasa mtu wa Winnipeg akisikia hivyo…

BintiWaBirere (Winnipeg)

Mtu wa Winnipeg amesikia na amecheka 😅

Nimekuja hapa nikiwa na miaka 24, sasa nina watoto watatu waliozaliwa humu kwenye theluji. Ndugu wa Houston umeongea vizuri, ila hilo la sombe limeniuma. Januari natwanga ya barafu, ya pakiti, kutoka duka la Waafrika. Haya, umefurahi?

Theluji inaanza kukaa Novemba na inaondoka mwishoni mwa Machi au Aprili. Mwezi wa kwanza, usiku, nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri ni kawaida. Siku mbaya, upepo ukichanganyika, mwili unaona kama 40 chini ya sifuri. Hapo ndipo kipimo cha Marekani na chetu vinakutana: 40 chini ya sifuri ni ileile kwa vyote viwili, hakuna kubishana. Ngozi iliyo wazi inaganda ndani ya dakika 5 mpaka 10. Puani unasikia vinywele vinakakamaa. Magari yana waya unaning'inia mbele kama ulimi, usiku unauchomeka kwenye umeme ili injini isigande. Mara ya kwanza nilidhani magari yote ya hapa ni ya umeme.

Sasa sikilizeni kitu ambacho hakuna aliyeniambia Goma. Ndani ya nyumba hakuna baridi. Nyumba ni nyuzi 21, 22, mchana na usiku, Januari yote. Watoto wangu wanatembea na fulana. Baridi kubwa niliyowahi kulala nayo maishani ni ya Goma, Birere, nyumba ya mbao, upepo unaingia chini ya bati, mimi na dada zangu wawili chini ya blanketi moja. Baridi ya hapa unakutana nayo nje, unapita, unaifungia mlango.

Na inavalika. Nguo ya ndani ndefu, juu yake sufu, juu yake koti la kuzuia upepo. Pamba usiivae ndani, ikishika jasho inakugandisha. Mikononi vaa zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, zinashinda za vidole mbalimbali. Joto la Houston utalivulia nini? Ukishavua nguo ya mwisho umebaki na ngozi.

Lakini mama mwenye goti. Hapa niseme wazi. Adui wa mama ni barafu ya njiani kuliko baridi yenyewe, ile nyembamba isiyoonekana, lami inaonekana imelowa tu. Chumvi wanamwaga, ila ikizidi nyuzi kumi chini ya sifuri chumvi nayo inachoka, wanamwaga mchanga. Kuna vyuma vya meno vya kuvaa chini ya kiatu, lazima awe navyo. Na hata navyo, mimi mama mkwe wangu simruhusu kutoka peke yake Januari.

Halafu giza. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonikamata. Goma jua linatoka saa kumi na mbili na linazama saa kumi na mbili, mwaka mzima, kama limeajiriwa. Hapa Desemba linatoka saa mbili na nusu, saa kumi na nusu limeshazama. Unaenda kazini giza, unarudi giza. Mwaka wa pili nilikuwa nalia jikoni bila sababu, nikadhani nimerogwa. Daktari akaniambia ni giza la kipupwe, wengi linawapata, akanipa vitamini D, maana jua la majira hayo liko chini mno, na ngozi yetu nyeusi inalihitaji zaidi. Jirani wa mlango wa pili nilijua jina lake Aprili. Tulihamia Oktoba.

MtotoWaHimbi

Dada Birere, hapo kwa jirani umenimaliza. Mama bila jirani?

BintiWaBirere

Ndiyo maana nimesema wazi. Ila Juni njoo uone. Jua linazama saa tatu na nusu ya usiku na zaidi, watu wote wako nje kama wametoka gerezani. Kuna mbu, tena wakubwa, ila hawana malaria.

MuuguziWaKadutu (Bukavu)

Samahani nikate utani kidogo, mimi ni muuguzi.

Mtoa mada, umesema mama anakunywa dawa za presha. Kuna aina zinazoongeza mkojo. Kwenye fukuto jasho linatoa maji huku, dawa inatoa kule, na mtu mzima hasikii kiu mapema kama kijana. Anaweza kukauka akiwa amekaa anacheka nanyi. Msidhani ni mambo ya jangwani: Agosti 2003 Ufaransa ilipigwa na joto, watu wapatao 15,000 wakafa, wengi wao wazee, na wengi walikuwa wanaishi peke yao.

Baridi nayo msiisifie sana. Inabana mishipa, presha inapanda. Wapo wanaoanguka kwa moyo wakiwa wanachota theluji kwa koleo mlangoni. Mama asiguse koleo, hata akitaka kusaidia. Nawajua mama zetu.

Kabla ya safari yoyote achukue pakiti zote za dawa, aende nazo kwa daktari, amwambie anakwenda wapi na mwezi gani. Asiache dawa mwenyewe, asipunguze mwenyewe.

BatiLaDar

Nimesoma zote. Nimekubali nusu, nusu nabaki nayo.

Fukuto tunalo sisi, Januari na Februari Dar usiniambie kitu. Lakini sisi pwani tumeishi nalo miaka na miaka, joto lina adabu zake. Kazi nzito unafanya alfajiri. Mchana unalala. Unaoga mara tatu. Kanga moja tu, mkeka barazani, upepo wa bahari saa kumi. Nyumba za zamani zilikuwa na dari ndefu na madirisha yanatazamana ili upepo upite. Kumbe huyo ndugu anasema Houston wamejenga nyumba za kufunga, barabara za magari, na mchana watu wanafanya kazi ofisini kama hakuna joto. Kwa hiyo joto wanalo, adabu zake hawana. Hapo namwelewa.

Lakini giza la saa kumi na nusu? Hapana. Bora nichemke.

ChukuduBilaBreki

Bora uchemke wewe. Mfuniko nitakuletea.

NjiaYaMontreal (Montréal)

Mimi niko Montréal, tunapata vyote viwili: Januari kuna siku za nyuzi 20 chini ya sifuri, Julai fukuto la kutoka jasho ukiwa umekaa. Kwa hiyo siwezi kumpendelea mtu.

Swali lenu naona limefungwa vibaya. Kwa nini achague mji? Achague miezi. Wazee wa huku wenye uwezo wanafanya kama korongo: theluji ikikaribia wanashuka Florida, Aprili wanarudi. Mama aende Winnipeg Mei mpaka Oktoba, na Houston Novemba mpaka Machi. Theluji haoni, fukuto halioni.

Shida ni karatasi na pesa. Kanada kuna viza ya wazazi na mabibi na mababu, inaruhusu kukaa mpaka miaka mitano kwa kuingia mara moja, lakini inataka bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada, na mtoto aonyeshe kipato. Marekani ukiingia kwa viza ya matembezi, ofisa wa mpakani ndiye anakupa muda, mara nyingi miezi sita. Ni maombi mawili, ada mbili, na majibu hayatoki pamoja. Anzeni na moja.

KivuMpakaHouston

Naunga mkono. Ila ratiba hii inampa Winnipeg mama wakati wa raha na sisi Houston wakati wa raha. Hakuna atakayeshinda vita ya Jumapili 😂

LushoisWaKenya

Na nyumbani Goma atakaa lini? Naona mmeshagawana mama kama shamba.

MtotoWaHimbi

Wakubwa, aksanti sana. Jana jioni nilikaa na mama barazani nikamsomea uzi wote, neno kwa neno, hata la mfuniko. La mfuniko aliniomba nirudie.

Kwenye nyuzi na unyevu hakusema kitu. Kwenye giza alinyamaza kidogo, akauliza, "Na kuku wanalala saa ngapi?" Kwenye koleo akasema yule muuguzi amemwona wapi.

Halafu akataka nimpigie yaya na mdogo pamoja. Akawauliza swali moja: mchana mkiwa kazini, mimi nabaki na nani? Kimya. Yaya akasema kuna mama wa Uvira anakaa nyumba ya tatu, hafanyi kazi, ana bustani. Mdogo akasema kuna runinga kubwa.

Basi ameamua Winnipeg, aende Mei ijayo kama karatasi zitakubali, arudi Himbi kabla ya theluji. Desemba anataka aile nyumbani, hilo halina mjadala. Houston mwaka unaofuata, miezi ya baridi yao. Mdogo amenuna lakini ameshaanza kutafuta tiketi za Januari. Goti tutalipeleka kwa daktari wiki hii pamoja na pakiti zote za dawa. Swali lake la mwisho ameniagiza niliandike hapa kama lilivyo: "Waulize, mbabula yangu naweza kwenda nayo? Maharage ya gesi hayaivi vizuri."

BintiWaBirere

Mwambie mama nampenda tayari. Mbabula asibebe, za kuchomea nyama zinauzwa hapa na makaa yapo dukani. Lakini ni uani tu, chini ya anga. Ndani ya nyumba, gereji au baraza iliyofungwa, hata mara moja asijaribu. Nyumba za huku zimezibwa kila tundu, na hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Mwambie ni kama mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini kwetu Goma, ataelewa haraka.

MtotoWaHimbi

Nimemwambia. Amesema mazuku anayajua, mbuzi wake wawili walilala hivyo hivyo. Anauliza kama huyo mama wa Uvira ana sufuria kubwa.